Kabla ya kufunga milango ya kadi: mtandao wa jengo uandaliwe vipi?

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, majira ya jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa pamoja duniani kote. Wengi walizima simu na kuziwasha tena wakidhani bando limekwisha. Huduma zilianza kurejea baada ya takriban saa sita. Kampuni ilieleza baadaye kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao mkuu unaounganisha vituo vyake vya data. Katika habari za siku ile kulikuwa na jambo ambalo halikujadiliwa sana: iliripotiwa kwamba baadhi ya wafanyakazi walikwama nje ya ofisi zao kwa sababu kadi zao hazikufungua milango. Kampuni yenyewe ilisema kwamba kuwafikisha mafundi kwenye mitambo kulichukua muda, kutokana na ulinzi mkali wa majengo hayo.

Milango ya kadi imekwisha kuwa jambo la kawaida katika ofisi, benki, hospitali na hosteli za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala. Anayetaka kuifunga huanza kwa kuulizia bei ya vifaa: kisoma kadi kipi, kufuli ipi, cha kidole au cha sura. Mtandao wa jengo hufikiriwa mwisho, mara nyingi baada ya kuta kupigwa plasta na rangi. Uchambuzi huu unafuata mpangilio wa kinyume. Tutaufuata mlango mmoja tangu kadi inapoguswa hadi kufuli inapoachia, kisha tuone kila hatua inaudai mtandao kitu gani.

Mfanyakazi anaweka kadi kwenye kisoma kadi kilicho ukutani kando ya mlango. Kisoma kadi hutoa mawimbi hafifu ya redio. Kadi haina betri; hupata umeme wake kutoka kwenye mawimbi hayo hayo, ikaamka na kujibu kwa kutaja namba yake. Kisoma kadi hakijui namba hiyo ni ya nani, bali huipeleka kwenye kidhibiti. Kidhibiti ni kisanduku chenye kompyuta ndogo inayotunza orodha ya walioruhusiwa, milango yao na saa zao. Kidhibiti kikiikubali namba, hubadili hali ya umeme wa kufuli kwa sekunde chache na mlango unafunguka. Kihisi kilicho kwenye fremu hutoa taarifa kama mlango umefunguliwa kweli na kama umerudi kufungwa. Tukio zima huandikwa, kisha hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ambako msimamizi huongeza majina, hufuta ya walioacha kazi na husoma nani kapita wapi.

Mlolongo huo una njia mbili za mawasiliano, nazo hazifanani. Njia ya kwanza ni fupi, kati ya vifaa vya mlangoni na kidhibiti. Katika mifumo mingi hii ni nyaya zake zenyewe, haipiti kwenye swichi ya jengo. Njia ya pili ni kati ya kidhibiti na seva, na hii ndiyo inayopita kwenye mtandao wa kompyuta. Anayezichanganya njia hizi mbili ataandaa moja na kuisahau nyingine, na karibu kila mara inayosahauliwa ni ile ya mlangoni.

Swali linalofuata ni zito kuliko yote: uamuzi wa kufungua unafanyika wapi? Kuna majengo ambayo bawabu amekabidhiwa orodha ya majina na anaamua papo hapo. Kuna mengine ambayo kila mgeni akifika, bawabu hupiga simu juu kuuliza. Siku simu ikikatika, bawabu wa kwanza anaendelea na kazi, wa pili anabaki kukodoa macho. Vifaa vya milango navyo viko hivyo. Baadhi ya vidhibiti hutunza orodha nzima ndani yake na huamua bila kumuuliza yeyote. Seva huvipelekea mabadiliko tu. Vingine huiuliza seva kila kadi inapoguswa, na seva hiyo inaweza kuwa ghorofa ya juu au ng'ambo ya bahari. Aina zote mbili hufanya kazi vizuri siku ya maonyesho dukani. Tofauti yake hudhihirika mtandao unapokatika.

Mtandao huu unahitaji kasi kiasi gani? Kidogo mno. Namba ya kadi katika mfumo wa zamani uliozoeleka, unaoitwa Wiegand, ina biti 26 tu: 8 za namba ya jengo, 16 za namba ya kadi na 2 za kukagua kama ujumbe umefika salama. Hata ukijumlisha saa, jina la mlango na maelezo mengine ya tukio, taarifa moja haifiki uzito wa picha ndogo kabisa ya simu. Kamera moja ya ulinzi hubeba megabiti kadhaa kila sekunde, mchana na usiku. Milango 20 kwa pamoja haikaribii hapo. Kwa hiyo mwenye jengo anayeambiwa anunue intaneti ya kasi zaidi kwa ajili ya milango anauziwa asichokihitaji. Milango inadai mambo mengine: umeme usiokatika, nyaya za unene unaofaa, na njia ambayo mtu mbaya hawezi kuiingilia.

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa tano pale Upanga, lenye milango minne ya kadi kila ghorofa. Vidhibiti vya milango minne vipo kwa wingi sokoni, kwa hiyo kila ghorofa inahitaji kimoja. Kidhibiti kikae wapi? Kikae ndani ya chumba au kabati linalofungwa, pamoja na swichi ya ghorofa hiyo, upande uliolindwa. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu katika miji yetu kumezoeleka kifaa kimoja cha bei nafuu kinachofanya kila kitu: kinasoma kidole, kinatunza majina na kinaamuru kufuli, nacho kinafungwa nje ya mlango. Nyaya za kufuli zinaishia nyuma ya kifaa hicho, na kinachozitenganisha na mtu aliyesimama nje ni skrubu moja au mbili. Akikibandua, mwenye kujua anaweza kugusanisha nyaya mbili, au kuukata waya mmoja kulingana na aina ya kufuli, na mlango ukafunguka bila kidole cha mtu. Kifaa kinachoamua hakipaswi kukaa upande wa mtu anayeamuliwa.

Kutoka kwenye kabati hadi mlangoni ndipo nyaya zinapohesabiwa. Mfumo wa Wiegand hupeleka namba kwa upande mmoja tu na bila kuisimba, maana yake aliyeufikia waya anaweza kuinakili namba na kuirudia baadaye. Mfumo mpya zaidi unaitwa OSDP. Huu huwasiliana pande zote mbili, hivyo kisoma kadi kikifunguliwa au kikikatwa kidhibiti hupata habari. Unaweza kusimba ujumbe wake wote. Na nyaya zake zinaweza kufika mita 1,200, ilhali Wiegand inaishia takriban mita 150. OSDP ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha IEC mwaka 2020. Kwa mpangaji wa jengo jambo la kushika ni kwamba OSDP hutaka kebo yenye jozi za nyaya zilizosokotwa, na nyaya za kengele zilizonyooka hazitafaa. Akiitandaza kebo sahihi leo, anaweza hata kuanza na visoma kadi vya zamani na kuvibadili baadaye bila kubomoa ukuta.

Kadi zenyewe zina somo hilo hilo. Kadi nyingi za bei nafuu za kilohezi 125 hutaja namba yake kwa yeyote anayezisogelea na kifaa cha kusomea, nazo hunakiliwa kwa dakika moja. Zile za megahezi 13.56 zina nafuu, ila si zote: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Nijmegen, Uholanzi, walionyesha namna usimbaji wa kadi aina ya MIFARE Classic unavyovunjwa. Kuimarisha mtandao huku ukibaki na kadi ya namna hiyo ni kuacha dirisha wazi.

Sasa tuje kwenye umeme wa kufuli, mahali penye makosa mengi na penye hesabu nyepesi. Kufuli ya sumaku ya kawaida ya volti 12 hutumia takriban nusu ampea muda wote inapokuwa imefunga. Tuseme mlango uko mita 60 kutoka kwenye kabati, na fundi ametandaza waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba. Umeme huenda na kurudi, hivyo njia yake ni mita 120. Waya wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 36 kwa kilometa, yaani kama omu 4.3 kwa safari nzima. Matokeo yake, karibu volti 2 hupotea njiani na kufuli hubakiwa na volti 10 hivi. Itawaka taa, itashika, na siku ya makabidhiano kila mtu ataridhika. Lakini nguvu yake ya kushika imepungua, na mtu mwenye bega zito anaweza kuivuta. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba, hasara inashuka chini ya volti 1. Ukichagua kufuli ya volti 24 inayotumia robo ampea, hata ule waya mwembamba utapoteza kama volti 1 tu kati ya 24. Tofauti ya bei ni ndogo ikiwa uamuzi unafanywa kabla ya kununua. Baada ya dari kufungwa ni kazi ya kubomoa.

Njia nyingine ni kupeleka umeme na mawasiliano kwenye kebo moja ya mtandao. Mafundi huiita kwa herufi tatu, PoE. Swichi yenyewe ndiyo inayotoa umeme, na kifaa cha mlangoni hakihitaji soketi. Njia hii ina viwango vyake. Kile cha mwaka 2003 kinatoa wati 15.4 kwenye poti ya swichi, na kifaa cha upande wa pili kinahakikishiwa wati 12.95, kwa kuwa kiasi fulani huliwa na kebo. Kile cha mwaka 2009 kinatoa wati 30 na kufikisha 25.5. Cha mwaka 2018 kinafika hadi wati 90 kwenye poti. Kufuli yetu ya volti 12 kwa nusu ampea inakula wati 6. Ongeza kidhibiti kidogo cha mlango mmoja na kisoma kadi chake, na kiwango cha mwaka 2003 kinatosha kwa kubana. Ukitaka kufuli mbili kwenye mlango wa mabawa mawili, hakitoshi.

Poti moja ikitosha, bado kuna swichi nzima. Swichi ya poti 24 iliyoandikwa kuwa ina wati 370 za PoE inaweza kulisha poti zote 24 kwa wati 15.4, lakini kwa wati 30 italisha 12 tu. Zikiongezwa simu za mezani, kamera na vifaa vya Wi-Fi kwenye swichi hiyo hiyo, jumla inavukwa bila mtu kuona. Swichi nyingi zikizidiwa huzinyima umeme baadhi ya poti kwa kufuata mpangilio wa umuhimu uliowekwa na msimamizi. Kama hakuna aliyeweka mpangilio, mlango wa chumba cha dawa unaweza kuzimwa ili kamera ya maegesho iwake. Ndiyo maana jedwali la wati huandikwa kabla ya kununua swichi. Kebo nayo ina mpaka wake: mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, zikihesabiwa na vipande vya kuunganishia vya pande zote mbili. Mlango wa geti ulio mbali zaidi ya hapo, au ulio kwenye jengo la pili, upelekewe fiba. Fiba haipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga upande mmoja haitafuata kebo hadi kwenye raki ya upande wa pili. Kwa majengo yaliyo ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi mno, hilo si la kuachia bahati.

Umeme ukikatika je? Mtu hujibu haraka: lipo jenereta. Lakini jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na wakati mwingine haiwaki kabisa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ilibaki gizani kwa sababu jenereta yake haikuwaka. Betri ndiyo inayobeba pengo hilo, nayo huhesabiwa. Chukua ghorofa moja ya mfano wetu: kufuli nne zinakula ampea 2, visoma kadi vinne kama 0.6, kidhibiti kama 0.4, jumla ampea 3. Betri ya volti 12 iliyoandikwa ampea-saa 7, ambayo ndiyo huja na masanduku mengi, kwa hesabu ya karatasi ingebeba saa mbili na dakika ishirini. Kwa kweli haifiki huko, kwa sababu betri za risasi hutoa pungufu zinapokamuliwa kwa kasi. Anayetaka saa nne za uhakika anunue ya ampea-saa 18 au zaidi. Joto nalo lihesabiwe: kwa kanuni inayotumiwa sana, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Kabati lisilo na hewa katika Dar es Salaam ya mwezi Februari litaimaliza betri kabla ya wakati wake, na hakuna atakayejua mpaka umeme ukatike.

Pamoja na kidhibiti, swichi nayo iwe na betri yake, hasa kama ndiyo inayolisha milango kwa PoE. Mara nyingi UPS, yaani betri ya akiba, ya chumba cha seva huhudumia seva na swichi kuu, huku swichi ndogo za ghorofani zikiwa zimechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika, seva iko hai na milango imekufa.

Hapo tunafika kwenye jambo linalohusu uhai. Kufuli ziko za namna mbili. Kuna zinazofunguka umeme ukikosekana. Kufuli ya sumaku ni ya aina hii daima, kwa kuwa bila umeme hakuna sumaku. Na kuna zinazobaki zimefunga umeme ukikosekana. Ya kwanza inamlinda aliye ndani lakini inamkaribisha mwizi siku ya giza. Ya pili inalinda mali, na ikifungwa vibaya inamfungia mtu ndani. Suluhisho linalotumika katika milango mingi ya ofisi ni kufuli ya aina ya pili pamoja na kitasa cha kawaida upande wa ndani: kwa nje mlango haufunguki bila kadi, kwa ndani unafunguka kwa mkono bila kuhitaji umeme, mtandao wala ruhusa ya kompyuta. Kwenye njia za kutokea wakati wa moto, kufuli ya sumaku ikitumika, lazima mfumo wa tahadhari ya moto uikatie umeme moja kwa moja kwa waya wake. Amri hiyo isipite kwenye swichi, isisubiri seva, isitegemee programu. Moto unaweza kuunguza kebo ya mtandao kabla ya kitu kingine chochote.

Ukanda wetu unajua gharama ya mlango usiofunguka. Machi 2001 bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku na zaidi ya wanafunzi 60 wakapoteza maisha. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Ile ilikuwa kufuli ya ufunguo. Kufuli ya kadi iliyopangwa vibaya ina uwezo huo huo, na kwa sababu hiyo mchoro wa milango unapaswa kupitiwa na watu wa zimamoto kabla ya fundi mtandao kutandaza waya wa kwanza.

Upande wa mtandao wa kompyuta, hatua ya kwanza ni kuitenga milango. Swichi za ofisi zinazosimamiwa kwa programu zinaweza kugawa mtandao mmoja wa nyaya kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, na kila kipande huitwa VLAN. Kompyuta za wahasibu ziwe kwenye kipande chao, wageni wa Wi-Fi chao, kamera chao na milango chake. Kati ya vipande huwekwa kifaa cha kuchuja mawasiliano, ambacho mafundi hukiita fayawoli, kikiruhusu kidhibiti kiongee na seva yake na si kingine. Sababu ni ya pande mbili. Virusi vilivyoingia kwa barua pepe ya mhasibu visifike kwenye milango. Na aliyeingia kupitia kifaa cha mlangoni asifike kwa mhasibu. Mwaka 2013 wezi walioiba taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 kutoka kwenye maduka ya Target nchini Marekani waliingia kwa kutumia nywila ya mkandarasi wa viyoyozi na majokofu. Fundi wa milango naye ni mkandarasi, naye huomba njia ya kuingia akiwa mbali. Apewe akaunti yake, inayofungwa kazi ikiisha.

Kuna tundu moja linalosahaulika. Baadhi ya visoma kadi vya kisasa huunganishwa kwa kebo ya mtandao moja kwa moja, navyo viko nje. Aliyekibandua kisoma kadi ameshika mkononi kebo hai ya mtandao wa jengo, na akichomeka kompyuta yake yuko ndani bila kufungua mlango wowote. Kinga yake ni swichi inayodai kila kifaa kijitambulishe kwa cheti kabla ya kuruhusiwa, kwa utaratibu unaoitwa 802.1X. Kinga nyepesi zaidi ni kuiepuka hali hiyo kabisa: kebo ya mtandao iishie ndani ya kabati, na nje zitoke nyaya za kisoma kadi tu.

Anwani za vifaa zinahitaji maneno machache. Kila kidhibiti kipewe anwani ya IP isiyobadilika, iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mlango, namba ya poti na mahali kilipo. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile kifaa kinapowashwa.

Saa inastahili uangalifu zaidi, maana ratiba za milango hufuata saa ya kidhibiti. Kidhibiti kilichoachwa kwenye saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, kikiambiwa kifungue mlango wa wateja saa 08:00, kitaufungua saa 5 asubuhi. Kibaya zaidi ni kumbukumbu: kukitokea wizi, saa ya mlango na saa ya kamera zisipolingana, ushahidi hauwezi kuunganishwa. Vifaa vyote vichukue saa kutoka chanzo kimoja ndani ya jengo.

Linabaki suala la seva kukaa mbali, kwenye huduma ya kukodi kupitia intaneti. Faida zake ni za kweli: hakuna seva ya kununua, na meneja mwenye majengo Arusha na Mwanza huyasimamia kwa pamoja. Hasara yake ilionekana tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikazorota au kukatika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kidhibiti chenye orodha yake ndani hupita siku kama hiyo bila mtu kujua. Kinachouliza kila mara huwaacha watu barazani. Vilevile, taarifa za nani kapita wapi ni taarifa binafsi, na alama za vidole ni nyeti zaidi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye jengo anapaswa kujua alama hizo zinatunzwa wapi, kwenye kifaa, kwenye seva yake au nje ya nchi, kwa sababu kadi iliyoibwa hubadilishwa lakini kidole hakibadilishwi.

Baada ya hatua zote hizo, ushauri wangu kwa jengo la kawaida la miji yetu ni huu. Mlango uamue wenyewe, na mtandao uupelekee habari tu. Vidhibiti vikae kwenye makabati yaliyofungwa, kila kimoja na betri iliyopigiwa hesabu. Visoma kadi viunganishwe kwa OSDP. Kufuli ziwe za volti 24. Milango itengwe kwenye VLAN yake. Na amri ya moto ipite kwenye waya wake. Mfumo wa kukodi kupitia intaneti unakubalika, mradi tu vidhibiti vitunze orodha ndani. PoE inafaa kwa mlango mmoja mmoja ulio mbali na kabati, ilimradi swichi inayoulisha ina betri. Kile kifaa kimoja kinachofanya yote nje ya mlango kinafaa kuandikia mahudhurio. Kulinda chumba cha fedha au cha dawa hakifai.

Mwenye jengo hahitaji kuwa fundi ili kukagua vifaa hivi. Achomoe kebo ya mtandao kwenye kidhibiti, aguse kadi: mlango ufunguke, na tukio lifike kwenye seva likiwa na saa sahihi kebo ikirudishwa. Azime umeme wa ghorofa na kuhesabu saa alizoahidiwa. Abonyeze kengele ya moto huku kebo ya mtandao ikiwa imechomolewa, kisha aone milango ya kutokea inaachia. Mwisho, fundi mwingine, asiyekuwa yule aliyefunga, abandue kisoma kadi cha nje na kujaribu kuingia kwa kutumia nyaya zake. Majaribio hayo manne yaandikwe kwenye mkataba kabla ukuta haujatobolewa, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka yote yapite.